Zahanati kila kijiji, au gari kila tarafa?

Msimu wa uchaguzi ukifika, mgombea anayepita vijijini ana ahadi tatu zisizomtupa: barabara, maji na zahanati. Hiyo ya tatu ndiyo inayoshikika. Wananchi wanasomba mchanga na mawe, kila kaya inapeleka mchango wake kwa mtendaji, boma linapanda mpaka kwenye renta, kisha linasimama likisubiri bati. Linaweza kusubiri miaka, mpaka nyasi ziote ndani. Serikali Kuu ikileta fedha za kumalizia, ambazo kwa miaka ya karibuni zimekuwa shilingi milioni 50 kwa boma moja, paa linaezekwa, kuta zinapakwa rangi, na Mwenge ukipita unazindua. Wiki inayofuata ndipo watu wanaanza kuulizana nani amepangiwa kufanya kazi humo.

Hapo ndipo wadau wa afya vijijini Tanzania wanapogawanyika. Wapo wanaosema kazi ya kwanza ni kuisogeza huduma mpaka mlangoni kwa mwananchi: zahanati kila kijiji, bila mjadala. Wapo wanaosema tumeshajenga vya kutosha, na kwamba fedha zinazokwenda kwenye maboma mapya zingeokoa watu wengi zaidi kama zingekwenda kwenye vituo vichache vyenye chumba cha upasuaji, damu, watumishi wa kutosha, na gari la kumfikisha mgonjwa hapo. Nitalipima jambo hili kwa upande wa uzazi, kwa sababu hapo ndipo tofauti inapouma. Homa ya malaria ina kipimo cha haraka na dawa ya mseto, na muuguzi mmoja anatosha. Mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Kauli ya "zahanati kila kijiji" ina historia ya heshima. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, Serikali iliamua kwa makusudi kupunguza kasi ya kujenga hospitali kubwa za mijini na kupeleka zahanati na vituo vya afya vijijini. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili wakikaa kwenye vikundi kusikiliza redio na kujadili vyoo, maji ya kuchemsha na mazalia ya mbu. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 zaidi ya theluthi mbili ya Watanzania walikuwa ndani ya kilomita tano kutoka kituo cha huduma. Kwa nchi maskini yenye ukubwa kama huu, hilo halikuwa jambo dogo. Kisha ukaja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wa mwaka 2007 hadi 2017, ukaiweka hesabu wazi: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata, hospitali kila wilaya. Muda wa mpango umepita, lakini kipimo chake ndicho madiwani wengi wanachokitumia mpaka leo.

Na wana sababu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, na karibu theluthi mbili yao wanaishi vijijini. Mtoto anahitaji chanjo zaidi ya mara moja. Mjamzito anatakiwa kliniki tangu mimba changa. Mzee mwenye presha anatakiwa kuchukua vidonge kila mwezi, maisha yake yote, na anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI vivyo hivyo. Hizo ni huduma za kurudia, na kila kilomita inayoongezeka inampunguza mtu mmoja kwenye foleni. Mama anayefika leo kwa kutembea dakika 40 hatafika ukimwambia apande bodaboda mpaka makao makuu ya kata. Ataacha. Akiulizwa atasema alikuwa na kazi shambani, na atakuwa anasema kweli.

Kuna hata takwimu ambayo watetezi wa zahanati huipenda. Utafiti uliofanyika kwenye kaya zaidi ya 200,000 za Lindi na Mtwara, ukachapishwa mwaka 2015, uligundua kuwa vifo vinavyosababishwa moja kwa moja na matatizo ya uzazi vilikuwa 111 kwa kila vizazi hai 100,000 kwa wanawake wanaoishi ndani ya kilomita tano, na vikapanda hadi 422 kwa wanaoishi zaidi ya kilomita 35. Umbali unaua, wanasema, kwa hiyo tujenge karibu. Tatizo ni kwamba umbali uliopimwa hapo ulikuwa wa kutoka hospitali. Ukimjengea mama wa kilomita 35 zahanati nyuma ya nyumba yake, bado yuko kilomita 35 kutoka kwenye chumba cha upasuaji.

Hebu ingia kwenye zahanati ya kawaida ya kijijini asubuhi ya siku ya kliniki. Nje, akina mama kwenye benchi na wengine kwenye khanga zilizotandikwa chini, mizani ya watoto imening'inizwa kwenye boriti. Ndani, muuguzi mmoja na mhudumu wa afya. Muuguzi huyo anapima wajawazito, anachoma sindano za chanjo, anamwona mzee wa kikohozi, anatoa dawa, na kila alichokifanya anakiandika kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, ambavyo vikipangwa mezani vinafika kifuani. Akija mwenye uchungu, wengine wote wanasubiri. Mwisho wa mwezi, akienda wilayani kupeleka ripoti na kufuata chanjo, mlango unafungwa. Usiku taa ya sola ikiwa na betri chovu, tochi ya simu inashikwa na ndugu wa mzazi. Huduma kwa wajawazito ni bure kisera, lakini ndugu huyo huyo ameambiwa mapema aje na glovu, pamba, wembe na mpira wa kulalia.

Ikama iliyotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2014 inasema zahanati moja iwe na watumishi wasiopungua 15. Zidisha mara vijiji 12,000 na ushee: unahitaji watu zaidi ya 180,000 kwa zahanati tu, kabla hujagusa vituo vya afya, ambavyo kila kimoja kinadai 39 au zaidi. Kwa miaka mingi sekta imekuwa ikilalamika kuwa ina nusu tu ya watumishi inaowahitaji. Kwa hiyo kila boma jipya linalozinduliwa linamega kutoka kwenye mkate ule ule. Anayepelekwa huko mara nyingi ameondolewa mahali ambapo alikuwa mmoja wa watatu, na sasa pamebaki wawili.

Halafu kuna hesabu ambayo haizungumzwi kwenye mikutano ya hadhara. Kijiji chenye watu 3,000 kwa kiwango chetu cha uzazi kinapata watoto kama 100 kwa mwaka. Kwa makadirio ya muda mrefu ya Shirika la Afya Duniani, ujauzito 15 hivi kati ya hiyo 100 utapata tatizo linalohitaji huduma ya dharura. Toa wanaokwenda kujifungulia kwingine, gawanya matatizo yaliyobaki kwa aina zake, na utaona kuwa mkunga wa zahanati anaweza kukutana na kifafa cha mimba mara moja kwa mwaka, au asikutane nacho kabisa. Ujuzi wa mikono unatunzwa kwa kutumika. Anayeona kondo lililogoma kutoka kila wiki atatulia. Aliyeliona mara ya mwisho chuoni atatetemeka, na hatupaswi kumlaumu.

Wanawake wenyewe walishalijua hili siku nyingi. Utafiti wa Kasulu, Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kuwa takribani wanne kati ya kila kumi waliojifungulia kwenye vituo vya kutolea huduma walikuwa wameipita zahanati iliyo karibu nao. Walilipa nauli, wakaacha watoto kwa jirani, wakaipita. Ukimwona mtu mwenye kipato cha mkulima wa mihogo anaingia gharama hiyo, ujue ana sababu.

Duniani pia upepo umeelekea huko. Tume ya jarida la Lancet Global Health, iliyoongozwa na Margaret Kruk na Muhammad Pate, ilitoa ripoti yake mwaka 2018. Hesabu zake kwa nchi za kipato cha chini na cha kati ziliweka vifo takribani milioni tano kwa mwaka kwenye fungu la huduma mbovu, na milioni 3.6 kwenye fungu la kutoifikia huduma. Pendekezo lao lililozua ubishi mkubwa lilikuwa kwamba wanawake wote wajifungulie hospitalini au jirani na mahali penye upasuaji, na zahanati ziachiwe kazi nyingine. Kaunti ya Kakamega huko Kenya ilikuwa miongoni mwa za kwanza kuufanyia kazi mpango wa namna hiyo.

Na ubora unaponyanyuliwa, matokeo yanaonekana haraka. Mradi wa Safer Births, ulioongozwa kutoka Hospitali ya Kilutheri ya Haydom huko Manyara, ulifanyika kwenye vituo 30 katika mikoa mitano ya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Wakunga walifanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli, wakapewa vifaa vya kufuatilia mapigo ya moyo wa mtoto na kumsaidia kupumua. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya wazazi kwenye vituo hivyo vikishuka kwa takribani robo tatu. Hivyo vilikuwa vituo vyenye vizazi vingi, mahali ambapo mkunga anakutana na tatizo kabla mazoezi ya jana hayajasahaulika.

Hoja hiyo ingenimaliza kabisa kama isingekuwa barabara. Anayesema "wote waende kituo cha afya" mara nyingi anasema akiwa mahali ambapo gari linapita. Watu wa Mahenge na Malinyi wanakumbuka ilivyokuwa kabla ya daraja la Mto Kilombero. Mgonjwa wa rufaa kwenda Ifakara alifika kwenye kivuko, na kama ni usiku au mto umefura, alisubiri. Kivuko chenyewe kilipinduka Januari 2016. Leo kuna daraja la zege, na sidhani kama liliingia kwenye bajeti ya Wizara ya Afya hata shilingi moja, lakini kwa mama wa Ulanga mwenye uchungu uliokwama ni huduma ya afya kama chupa ya damu. TARURA, iliyoanzishwa mwaka 2017 kuhudumia barabara za vijijini na mijini, inastahili kuitwa kwenye vikao vya vifo vya wazazi pamoja na mganga mkuu wa wilaya. Kalavati lililobomoka linachelewesha rufaa kuliko daktari mzembe.

Jibu bora tulilonalo kwa sasa ni m-mama, mpango wa usafiri wa dharura kwa wazazi na watoto wachanga. Ulianza kama mradi mdogo wilayani Sengerema na mkoani Shinyanga mwaka 2013, ukaanza kusambazwa nchi nzima mwaka 2022. Mtu anapiga 115 bila malipo, mhudumu wa kituo cha mawasiliano anapima hali ya mgonjwa kwa maswali, na kama gari la wagonjwa halipo karibu anaitwa dereva wa kijijini, mwenye gari lake mwenyewe, ambaye amesajiliwa na analipwa kwa simu. Uzuri wake ni kwamba umekubali hali halisi: magari ya wagonjwa hayatoshi, lakini kila tarafa ina mtu mwenye Noah au Probox. Ubaya wake ni ule ule wa kila kitu kinachotegemea simu na mtu wa tatu. Palipo na kilima kinachoziba mtandao hakuna 115. Dereva aliyecheleweshewa malipo mara mbili, usiku wa tatu simu yake haipatikani. Na gari la halmashauri lisilo na mafuta limekuwa hadithi ya kudumu. Wengi wetu tuna ndugu aliyeambiwa achangie dizeli ndipo safari ianze.

Upande wa vituo vikubwa nao una maboma yake, ila ya kisasa. Mwaka 2021 tulikatwa tozo kwenye miamala ya simu, tukanuna, tukaambiwa sehemu ya fedha hizo inajenga vituo vya afya kwenye tarafa zisizo navyo. Vimejengwa, na ni vizuri kwa macho. Kituo kimoja kwa kawaida kimepangiwa shilingi milioni 500, sawa na kumalizia maboma kumi ya zahanati. Lakini taarifa za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, kwa miaka kadhaa zimekuwa zikirudia wimbo mmoja: majengo yaliyokamilika hayatumiki, au yanatumika nusu, kwa kukosa vifaa na watumishi. Chumba cha upasuaji bila mtaalamu wa usingizi ni stoo yenye vigae. Ugonjwa wa kupenda majengo hauna upande katika mjadala huu. Jengo lina mkandarasi, lina jiwe la msingi, lina jina la kiongozi. Posho ya usiku ya mkunga haina jiwe la msingi.

Kupata watu wa kupasua vijijini haiwezekani? Inawezekana, na tumeshawahi. Tanzania ilianza kuwasomesha madaktari wasaidizi mwaka 1963, watu waliotoka kuwa matabibu wakaongezewa mafunzo, na baadhi wakafundishwa kupasua. Utafiti wa Mwanza na Kigoma, uliochapishwa mwaka 2009, uliona kuwa zaidi ya operesheni nane kati ya kumi za uzazi huko zilifanywa na hao, na matokeo yao hayakutofautiana kwa maana na ya madaktari wenye shahada. Kigoma, Morogoro na Pwani vituo vya afya vya vijijini vilifanya upasuaji kwa timu za namna hiyo. Mtu wa namna hii anakubali kuishi kwenye makao makuu ya kata. Daktari bingwa hakubali, na sioni sababu ya kujidanganya kwamba atakubali.

Fedha za mwananchi nazo zinavuta upande wake. Bima ya jamii, CHF, ilianza kwa majaribio Igunga mwaka 1996; CHF iliyoboreshwa ilikuja na mchango wa shilingi 30,000 kwa kaya ya watu hadi sita kwa mwaka. Ni bei nafuu. Lakini mtu akikata kadi, akafika dirishani akaambiwa dawa hakuna, akanunue duka la dawa muhimu, mwaka unaofuata harudi. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itagonga ukuta huo huo kama Bohari ya Dawa na halmashauri hazitaijaza rafu ya zahanati kwanza.

Msimamo wangu ni kwamba tugawe kwa kazi. Zahanati iliyopo ibaki, ifunguliwe kila siku, iwe na watumishi watatu wa uhakika na dawa, na ijivunie chanjo, kliniki, malaria, presha na kisukari. Kujifungua kuhamie kituo cha afya chenye upasuaji. Ujenzi wa zahanati mpya usimame popote ambapo iliyopo haina hao watatu. Najua diwani akisoma hapa atakunja uso.

Mpangilio wa hatua ndio unaobeba kila kitu. Kwanza dereva, kitanda, damu na mtu wa usingizi. Kisha ndipo unamwambia mama asijifungulie zahanati. Ukigeuza mpangilio unamrudisha kwa mkunga wa jadi, ambaye anaishi nyumba ya tatu na anakubali kulipwa kuku. Tumeshaliona hilo kwenye vijiji vilivyotunga sheria ndogo za kutoza faini wanaojifungulia nyumbani. Mama aliyeshikwa na uchungu saa nane usiku, mvua inanyesha, anatozwa faini kwa kosa la barabara. Wengine huogopa hata kumpeleka mtoto kliniki kuchukua kadi kwa sababu ya hiyo faini, na chanjo inachelewa. Faini hizo zifutwe.

Wapo watakaosema tuwachuje: mimba ya kwanza, mimba ya tano na kuendelea, mapacha, aliyewahi kufanyiwa upasuaji, hao waende kituo cha afya, wengine wabaki zahanati. Ndivyo kadi ya kliniki inavyoelekeza tayari. Ni busara ya kuanzia, ila damu hutoka hata kwa mama wa mimba ya pili asiye na alama yoyote nyekundu kwenye kadi yake.

Naikubali pia hoja moja inayonisumbua. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa 2022 ulionyesha vifo vya wazazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015-16, na waliojifungulia kwenye vituo wamepanda kutoka asilimia 63 hadi 81. Kushuka kote huko kumetokea katika miaka ambayo tulikuwa tunajenga kwa fujo, zahanati na vituo pamoja. Takwimu hizo hupatikana kwa kuwauliza watu kuhusu dada zao waliofariki, hutazama miaka saba ya nyuma, na zina ukingo mpana wa makosa, kwa hiyo sijengi nyumba juu ya 104. Mwelekeo wenyewe lakini sina sababu ya kuubisha, na anayesema majengo hayakusaidia chochote ana kazi ya kueleza.

Yapo maeneo ambayo hakuna kambi yenye jibu kwa ajili yake. Vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika upande wa Uvinza, ambako njia ya uhakika zaidi kwa miaka mingi imekuwa boti. Visiwa vya delta ya Rufiji. Wafugaji wa Ngorongoro wanaohama na mifugo. Huko dereva wa m-mama hafiki kwa wakati na kituo cha afya chenye upasuaji hakitakuwa karibu maisha yetu haya. Kinachobaki ni chigonela, nyumba ya kusubiria iliyo jirani na hospitali, ambako mjamzito anahamia wiki chache kabla ya siku zake. Hospitali kadhaa zinazo. Nyingi zinampa kitanda tu. Chakula anakuja nacho, na aliyeachwa nyumbani na watoto wengine wanne ndiye mwenye kauli ya mwisho kama ataondoka au la. Unga, maharage na mafuta ya kupikia kwa mwanamke mmoja kwa wiki tatu havifiki bei ya vigae vya chumba cha upasuaji, lakini sijawahi kuuona mstari huo kwenye bajeti ya halmashauri yoyote niliyoisoma.